Kilio bila maiti: maji ya Kalehe na desturi yetu ya kulilia wafu

Kwetu, kandokando ya Ziwa Kivu, mtu haliliwi na watu wa nyumba yake peke yao. Habari ya kifo ikishafika, moto unawashwa inje, mbele ya nyumba, na wanaume wanakaa hapo usiku kucha. Wanawake wanaingia ndani, wanaketi chini juu ya mikeka. Jirani mmoja analeta kuni, mwingine viti, mwingine dumu la kasiksi. Kijana anayejua kuandika vizuri anapewa daftari, naye anaandika jina la kila mtu na mchango alioleta, kwa sababu kesho itakuwa zamu yetu ya kumrudishia. Hayo yote tunayaita kilio. Wengine wanasema matanga.

Tunapoeleza desturi hii kwa vijana, tunaieleza kama vile maiti iko pale daima: inaoshwa, inavikwa, inalindwa, inazikwa, kisha watu wananyoa na kurudi kwenye kazi zao. Sisi wenyewe tunafundisha jiografia katika sekondari huko Bukavu tangu karibu miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote hatukuwahi kujiuliza kilio kinakuwa namna gani pale maiti haipo. Swali hilo tuliletewa na mvua. Tunaliandika hapa, si kwa kutafuta huruma ya msomaji, bali kwa sababu jamaa nyingi za Kalehe ziliulizwa swali hilohilo kwa siku moja, na majibu yaliyotolewa siku zile yanaweza kupotea kama hakuna anayeyaandika.

1. Siku ya soko

Mwanzo wa mwezi wa tano 2023 mvua ilikuwa inanyesha pande zote za ziwa. Ng'ambo, huko Rwanda, usiku wa kuamkia tarehe 3, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130. Tulisikia habari ile kwenye redio, tukasikitikia majirani, kisha tukaenda kufundisha kama kawaida. Kesho yake, Alhamisi tarehe 4, zamu ikawa yetu.

Alhamisi ni siku ya soko la Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, kwenye barabara inayounga Bukavu na Goma. Siku ya soko watu wanateremka kutoka milimani na mizigo ya mihogo, maharagi na ndizi. Wengine wanakuja na mitumbwi. Siku ile mvua ilinyesha milimani kwa nguvu, mito ikavimba, ikang'oa mawe na miti, ikateremka na nyumba juu ya Nyamukubi na juu ya Bushushu. Kama ingekuwa Jumatano, wangekufa wenye kukaa pale. Kwa kuwa ilikuwa siku ya soko, walikufa pia watu wa vijiji ambavyo maji hayakuvifikia.

Dada yetu mkubwa alikuwa mmoja wao. Kwake hapakuguswa hata jani. Alikuwa muuzaji wa sambaza zilizokauka, na kila Alhamisi alikuwa Nyamukubi, meza ileile. Lazima tuseme ukweli: sisi tulisoma ISP kwa sambaza zile. Baba alipokuwa hana tena nguvu, dada ndiye alilipa, kopo kwa kopo. Alikuwa anapimia kwa kopo la zamani la maziwa ya unga, na wateja walimpenda kwa sababu hakuwa anabonyeza kitako cha kopo ndani kama wengine wanavyofanya.

Siku ya Jumamosi tulipanda boti, kwa sababu walituambia barabara imekatika. Tuliyoyaona hatutayaeleza yote. Pale palipokuwa nyumba palikuwa mawe, mengine makubwa kama motokari, na tope. Watu walichimba kwa majembe na kwa mikono. Maiti zilipangwa chini ya blanketi, na kila mtu aliyefika alifunua, akaangalia, akafunika tena. Wanawake walijulikana kwa vitenge vyao. Sisi tulitafuta kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, siku mbili, hatukukiona. Maiti zingine zilichukuliwa na ziwa, na zilionekana zikielea mpaka upande wa Idjwi.

Vijana wa Msalaba Mwekundu na wakaaji wenyewe walizika wengi kwa pamoja katika mashimo makubwa. Kwa wakati ule watu wengi walikasirika, wakasema mtu hazikwi bila sanduku na bila jina. Tunaelewa hasira ile; nasi tulikuwa nayo. Lakini vijana wale walikuwa mbele ya mamia ya maiti, juani, na hawakuwa na la kufanya. Jumatatu tarehe 8 ilikuwa siku ya kilio cha taifa, bendera nusu mlingoti. Maiti zilizohesabiwa zilipita 400. Wasioonekana walihesabiwa kwa maelfu, na hesabu zile hazikupatana kamwe. Dada yetu yuko katika hesabu ya pili, kama kuna mtu alimhesabu.

2. Uwanja ulitengenezwa na mto

Hapa mwalimu wa jiografia lazima aseme neno, kwa maana watu wengi walisema ni laana, wengine wakasema ni watu waliofunga mvua kisha wakaiachilia. Sisi hatutacheka imani ya mtu. Lakini tuangalie milima yenyewe. Upande wetu wa ziwa mlima unasimama karibu na maji. Sehemu tambarare ni chache, na ziko pale mto unapotokea bondeni na kuingia ziwani. Kwa nini pale ni tambarare? Kwa sababu mto wenyewe ndio ulileta udongo na mawe, furiko kwa furiko, kwa miaka isiyohesabika, ukayatandaza. Uwanja tunaoupenda kwa kujenga soko, kanisa na shule ni kazi ya mafuriko ya zamani. Mto ukirudi pale, hauingii kwa wageni: unarudi kitandani mwake.

Na siku hizi unarudi haraka zaidi. Miti ya milimani ilikatwa kwa mashamba na kwa makala yanayopikia Bukavu na Goma. Tope halina tena mizizi ya kulishika. Watu nao wameongezeka kandokando ya barabara, wengine kwa kutafuta biashara, wengine kwa kukimbia vita vya huko juu. Mtu anayekimbia bunduki hachagui kiwanja kwa kuuliza njia ya mto.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi 2014, mvua kubwa ilibomoa nyumba zaidi ya 700 katika Kalehe hiihii, na watu zaidi ya 130 walitangazwa kwamba hawaonekani. Kati ya 2014 na 2023 ni miaka chini ya tisa. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku zile alikuwa sekondari maji yaliporudi. Mwezi wa sita 2023, wataalamu wa kimataifa wanaochunguza kama mvua kali inatokana na mabadiliko ya hali ya hewa walichapisha uchunguzi wao juu ya mafuriko ya Ziwa Kivu. Walisema hawawezi kukata neno, kwa sababu vipimo vya mvua upande wetu ni vichache mno. Kwa maneno mengine, mvua ile iliua mamia ya watu na sisi hatuwezi kusema kwa hakika ilikuwa mvua ya kiasi gani. Sisi walimu tuliona haya tuliposoma vile.

3. Mabishano ya uani

Tulirudi kwa shemeji bila kitu mkononi. Moto ulikuwa umewashwa tayari, watu wamekaa. Usiku wa tatu baba mdogo aliinuka akasema:

— Hatuwezi kumulaza muntu inje. Mukate mugomba, tuuvike kitenge yake, tuuzike mu shamba. Bazee balifanya vile.

Hakusema uongo. Kuzika shina la mgomba mahali pa mtu aliyepotelea mbali, ziwani au vitani, ni desturi inayojulikana kwa makabila mengi ya Maziwa Makubwa. Maana yake ni nzuri: roho isizungukezunguke, na walio hai wapate mahali pa kuweka machozi. Lakini shemeji alijibu bila kuinua kichwa:

— Mugomba haikunizalia batoto. Na kama eko mu ile shimo ya Nyamukubi, tutamuzika mara mbili?

Hapo mabishano yakaanza. Watu wa ukoo wa shemeji walisema mke aliyetolewa ng'ombe anazikwa kwa bwana, kwa hiyo mgomba uzikwe kwao. Baba mdogo akajibu kwamba kama shemeji hataki, tutauzika kwetu, alikozaliwa. Fikirini, wasomaji: koo mbili zinapigania kaburi la mtu ambaye hakuna anayejua yuko wapi. Katekista wa pale alisema yuko tayari kumwombea marehemu bila maiti, lakini mgomba hataubariki. Mtoto wake wa kwanza wa kike, mwenye miaka kumi na tisa, alisema tukizika mgomba na mama akarudi, tutamwambia nini?

Sisi tulikuwa tumekaa na diploma yetu, watu wakitungojea tuseme. «Mwalimu, wewe unasoma bitabu, sema basi.» Hatukuwa na la kusema. Tulijua kwamba sheria ya familia ina vifungu juu ya mtu aliyepotea, na kwamba korti inaweza kutangaza kifo. Tulieleza hayo, na baba mdogo alituangalia kama mtu anayeangalia mtoto. Karatasi ya korti inasaidia shamba na akiba. Haisemi saa gani ya kuzima moto.

Aliyekata mabishano ni mama yetu, ambaye kwa siku tatu hakuwa amesema neno. Alisema tu:

— Miye sitanyoa. Nani alimuona anakufa?

Hakuna aliyejibu. Moto ukaachwa kuwaka. Watu wa mbali walirudi kwao, wa karibu wakawa wanapokezana. Kilio ambacho kwa kawaida ni cha siku chache kilipita juma la kwanza, kikapita la pili. Mchele wa michango uliisha. Shemeji hakuenda shamba wala watoto hawakwenda shule. Wakati ule tulielewa kitu ambacho hatukukielewa katika vilio vingine vyote tulivyohudhuria: kilio kisichofungwa kinaua nyumba polepole.

4. Mama wa mawese

Katika juma la tatu alifika mwanamke mmoja akitembea kwa fimbo. Alikuwa muuzaji wa mafuta ya mawese, meza yake ikipakana na ya dada. Mguu wake ulikuwa umevunjika, na alikuwa amelala kwa jamaa zake muda wote ule bila njia ya kututumia habari. Walimpa kiti, akakataa, akaketi chini mbele ya mama yetu. Hapo watu walinyamaza, maana walielewa anakuja kufanya nini.

Katika kilio chetu kuna saa moja ambayo vijana wanaiona ndefu na ya kuchosha. Kabla ya kunyoa, mtu mmoja anasimama kueleza kifo: ugonjwa ulianza lini, walimpeleka wapi, nani alikuwa karibu, alisema neno gani la mwisho. Kisha wanauliza kama marehemu alikuwa na deni, au kama kuna mtu mwenye deni lake. Mara nyingi watu wanakuwa wameshachoka, wanaangalia chakula. Siku ile saa hiyo ndiyo ilikuwa kilio chote.

Mama wa mawese alieleza hivi, nasi tuliandika maneno yake katika daftari lilelile la michango:

— Mvua ilianza, tukaingia chini ya baraza. Nikamuambia, dada, tupande juu. Akasema, tangulia, minangojea bale babiri banilipe. Nikatangulia na madumu yangu. Kisha nikasikia mulio, nikafikiri ni motokari kubwa. Mawe ndiyo ilikuwa mbele, maji ilikuwa nyuma yake. Nikageuka: baraza haiko. Nilimuona mukono na kitenge yake ya majani. Kisha sikumuona tena. Miye njo nilimuona.

Mama yetu akauliza upande gani maji yalitokea. Akaonyesha kwa fimbo, akachora udongoni: hapa meza, hapa barabara, hapa mto, hapa ulipokata. Wazee waliinama kuangalia. Mmoja wao, mzee wa ukoo wa shemeji, akasema kwa sauti ndogo:

— Mu 2014 nililia mutoto wa kaka yangu. Tulisema maneno kama haya haya. Kisha tukanyoa, tukarudi kujenga.

Hakuna aliyemjibu mzee. Mama yetu alinyoosha mkono, akasema waanzie kwake. Asubuhi ile tulinyolewa wote, moto ukazimwa. Hatukuzika mgomba. Baba mdogo hakuridhika, na mpaka leo anatuambia tulimwacha dada inje. Labda ana haki. Hatuandiki hapa kwamba tulipata jibu lililo bora kuliko la wazee. Tunasema tu kwamba kwetu maiti haikuwapo, lakini ushahidi ulikuwapo, na ushahidi ule uliweza kubeba kilio.

Wale wawili waliokuwa na deni la sambaza hawakuonekana. Hatujui hata kama wako hai.

5. Tunayoyaomba

Tangu siku ile tunafikiri juu ya maneno ya yule mzee. Baada ya 2014, katika nyua nyingi za Kalehe, watu walisimama wakaeleza vifo: maji yalitokea wapi, yalikata wapi, nani alikuwa amejenga karibu mno. Ilikuwa kama ramani kamili ya hatari, iliyochorwa na walioona kwa macho. Lakini ilisemwa mara moja, usiku, mbele ya watu waliochoka. Daftari liliandika nani alileta mchele na nani alileta franka. Halikuandika maji yalipita wapi. Michango ililipwa. Mengine yalisahauliwa.

Hatusemi kwamba daftari lingezuia mvua. Tena hatusemi kwamba mtu maskini anahama kwa sababu amesoma daftari. Mtoto wa dada yetu, yule aliyekuwa na miaka kumi na tisa, ameziba kopo la mama yake lililokuwa limetoboka na kubaki nyumbani siku ile, na anauza sambaza kandokando ya barabara ileile. Tulimkataza. Alituuliza, «Mujomba, sasa niuzishie wapi? Mu mulima?» Na tangu vita vya mwanzo wa 2025 vilipopita barabara hiyo, hata sisi hatuna tena uhakika wa kumwambia mahali gani ni pa salama. Lakini anajua mto uko wapi. Meza yake ameiweka upande wa juu, na mvua ikianza milimani hangojei deni la mtu. Hilo alilipata kwenye kilio, si kwetu mwalimu.

Kwa hiyo tunaiomba jumuiya yetu ya utamaduni, na kila mzee wa ukoo atakayesoma ukurasa huu, mambo matatu.

La kwanza: katika kila kilio cha mtu aliyechukuliwa na maji au udongo, yale maelezo ya kifo yaandikwe katika daftari la michango, pamoja na jina la marehemu, mahali na upande maji yalipotokea, na nakala moja ibaki kwa shefu wa kijiji. Kijana wa daftari tayari yuko pale, na kalamu iko mkononi mwake.

La pili: kila tarehe 4 ya mwezi wa tano, pale usalama unaporuhusu, majina yasomwe kwa sauti, hata ya wale waliozikwa pamoja bila kujulikana na ya wale ambao ziwa lilibaki nao. Mtu asiye na kaburi asomwe jina. Kama ukoo fulani unataka kuzika mgomba, uzike. Tusigombane tena juu ya hilo.

La tatu linatuhusu sisi walimu. Kipimo cha mvua si kitu cha ajabu: chupa iliyokatwa sawasawa, yenye kitako bapa, na rula. Katika kilasi yetu wanafunzi wanapokezana kupima kila asubuhi na kuandika milimita ubaoni. Wengine wanacheka, wanasema mwalimu anapima mvua kama sambaza. Waache wacheke. Siku nyingine watu wakituuliza mvua ile ilikuwa ya kiasi gani, tusiwe tena bila jibu.

Dada yetu hana kaburi. Ana ukurasa katika daftari, kati ya jina la jirani aliyeleta kuni na jina la aliyeleta dumu la kasiksi: mahali alipoketi, mto ulipotokea, na yule aliyemwona wa mwisho. Mama yetu hajui kusoma. Tukifika nyumbani anatuambia tulete daftari, tumsomee.